Kitambaa cha Mama Mkwe

Jumapili, 3 Machi
Shemeji kanifunga sita bila. Mpira wa kwenye kompyuta tu, lakini roho inaniuma. Kila nikikaribia goli picha inaganda. Ananiambia niongeze kasi ya mashine ipite ile ya kiwandani – yake kaifanya hivyo, inapaa. Itachemka kidogo, ndiyo. Nimesema nitafikiria. Kompyuta yenyewe ya mke wangu, anahariria video za harusi za watu.

Jumatatu, 4 Machi
Nimemuuliza mke wangu, kwa kuzungukazunguka. Kanikata kauli: kazi za wateja zimo humo, usiichokonoe. Sawa. Mtu mzima na kitambi changu, nitashindwaje kuachana na mchezo?

Jumatano, 6 Machi
Nimeshindwa. Alipotoka tu kwenda kazini, nikaongeza kasi. Raha iliyoje! Shemeji nimemtandika nne. Joto limepanda, ila feni inavuma, nikajipa moyo. Kesho nitairudisha ilivyokuwa.

Ijumaa, 8 Machi
Sikuirudisha. Leo mke wangu kaiacha inamalizia video, katoka kidogo. Mama mkwe akapita, akaifunika na kitambaa chake cha maua – vumbi lisiingie. Ndivyo anavyofunika redio na kila kitu humu ndani. Siku zote tunakifunua, tunacheka, na mashine haidhuriki. Leo harufu ya kuungua mpaka jikoni. Kioo cheusi. Harusi ya watu imo humo.

Mke wangu kafoka. Sijawahi kumsikia akimfokea mama yake. Mama anasema nisamehe mwanangu, sikujua. Mimi nimesimama palepale. Na nikasema – naona haya hata kuandika – nikasema, "Mama, si tulikwambia usifunike?"

Jumamosi, 9 Machi
Redio iko wazi, imeanza kushika vumbi. Vitambaa vyote Mama kavitoa. Chai yake imepoa mezani. Asubuhi kaniita pembeni: baba, niombee msamaha kwa mkeo, wewe anakusikiliza. Nikaitikia. Mimi huyuhuyu! Sina haya.

Fundi tuliyempelekea kompyuta kapiga simu. Video zimepona. Ila kuna kitu kakikuta kwenye mashine, anakuja kutueleza wote. Najua ni kitu gani.

Naandika chumbani, mlango uko wazi. Mke wangu anapanga viti. Mama keshakaa kile cha mbele, mikono mapajani, anasubiri kusomewa kosa lake. Ananiita nije nikae karibu naye, anaogopa.

Hodi hiyo. Mama ndiye anayeinuka kufungua –