Gari la Sinema Linarudi Karatu

Baba,

Gari la sinema linarudi. Dereva alipita juzi akitokea Oldeani, akaniambia Jumamosi atafunga shuka lake jeupe pale pale uwanjani, na kwamba watu wamenitaja mimi nishike kipaza sauti. Wanasema Karatu nzima hakuna mwingine uliyemfundisha kutafsiri picha. Nilimwitikia vizuri, nikaingia ndani, nikakaa sakafuni.

Huku mambo si mengi. Sabuni imeadimika. Shamba lako la Buger tumelipalilia mimi na mama, vibaya, ungetucheka. Lakini watu bado wanabishana kwa maneno yako. Wakiona harusi iliyopooza wanasema, "Hii mbichi." Ulitwambia sinema ni kama ugali: ni mbichi, au imeiva, au imeungua, na hatukunyanyuka nyasini mpaka utoe hukumu. Zile za Hollywood, zenye majumba ya dhahabu na mabinti wanaoimba ngazini, ulisema zimeungua. Za Kihindi zimeiva ila chumvi imezidi, ukasema hivyo huku unajifuta machozi! Ile ya Kijapani, ya mjane anayeezeka nyumba yake, watu walisinzia. Wewe ukasema imeiva kuliko zote, nikakubishia mpaka nyumbani.

Na za wachunga ng'ombe wa Marekani? Wafugaji walishuka kutoka Ngorongoro kuja kuziona, bastola zikalia weee, halafu ukasema, "Mbichi. Wameswaga ng'ombe tangu mwanzo hadi mwisho, na hakuna hata mmoja aliyemwita ng'ombe wake kwa jina." Wazee wale walikuja kukushika mkono mmoja mmoja.

Baba, naogopa. Dereva anasema picha ya Jumamosi ni ile ile ya Ulaya, ya gavana anayeogopwa mpaka paa lake likivuja watumishi wanamwapia kwamba nje ni jua. Usiku ule ilipoonyeshwa hapa, uliposema, "Imeiva. Nyumba hii tunaijua," hukumtaja mtu. Ni watu waliogeuka, uwanja mzima, wakamtazama katibu kata, wakacheka. Kesho yake watu wa serikali walikuja Buger kukuchukua kwa gari. Uliporudi hukutuambia ulikuwa wapi, wala hukugusa tena kipaza sauti, na kikohozi ulichorudi nacho ndicho kilichokuondoa.

Jana katibu alifika dukani kwangu. Alisimama mlangoni, mpole kabisa. "Binti Boay, wewe simulia hadithi tu. Hayo ya imeiva, haijaiva, tulishayazika na mzee." Nikasema, "Sawa, katibu." Sauti iliyotoka sikuijua kama ni yangu. Tangu hapo nikisikia gari barabarani natoka kuchungulia, hata barua hii nimeiacha mara mbili.

Nimejaribu kuisimulia peke yangu jikoni, bila hukumu. Inasimulika. Lakini nawajua watu wetu. Picha itakwisha, nao hawatanyanyuka. Watanitazama. Nikinyamaza watajua nimenyamazishwa, na safari ijayo hawatangoja tena kuambiwa kitu na mtu yeyote. Nimeipitia picha ile kichwani kipande kwa kipande, nikitafuta kasoro ya kuniokoa, nipate kusema ni mbichi niende zangu. Sikuipata, baba. Ni nzuri, na wewe ulisema kweli.

Basi nakuahidi nitasema. Neno moja tu, "Imeiva"; lile lako la nyumba tunayoijua sitaliongeza. Usinione shujaa. Nilitamani uwe hapa unikemee, uniambie nisimame wima nisile maneno.

Leo nimempeleka binti yangu Buger kwa mama, na nguo zake zote, hata sare za shule. Mama alizipokea, akamtandikia mtoto kitanda chako.

Kwaheri, baba.