Keki Mbili za Agata

Catania, 6 Februari

Mama mdogo Nunzia,

Bado nasikia kijiko cha mama kikigonga sahani yangu. Huku milimau imezaa, na bibi ni mzima.

Jana, sikukuu ya Mtakatifu Agata, bibi aligawa zile keki nyeupe zenye cheri juu, mbili kwa kila msichana, kama matiti aliyokatwa Agata. Mama akaniondolea moja upesi kwa kijiko. Alidhani ananihurumia.

“We Pina, unampunja mtoto?” bibi akafoka. “Moja ni nuksi! Mchumba atakimbia!”

“Anapunguza mwili, mama,” mjomba Turi akacheka.

Nilitamani ardhi inimeze. Hawakujua kwamba Novemba nilikatwa titi la kushoto huko Milano, kwa saratani. Mama aliwaambia nina mitihani. Sanamu ya Agata tunaibeba barabarani kwa shangwe. Mimi nafichwa kwa sponji ndani ya sidiria.

Asubuhi hii nimemfuata bibi jikoni, nikafungua vifungo vya blauzi, huku nikitazama sakafu kwa haya.

“Panauma?” aliuliza.

“Siku za baridi.”

Ameniwekea keki ya pili. Nimeila, na sponji nimeitupa.

Wako,
Venera