Vitambaa Nilivyosema ni Vyangu

Mke wangu mpendwa, Mama Salima,

Nakuandikia kwa Kiswahili, lugha yetu ya chumbani. Mimi mtoto wa Mutsamudu, wewe mtoto wa Moroni, kila mmoja alicheka maneno ya mwenzake, tukaishia kukutana katika lugha hii niliyoichukua Unguja nilipokuwa najifunza ushonaji, na wewe uliyoipata kwa mama yako. Hata ugomvi wetu ulikuwa wa Kiswahili. Ni mwaka sasa tangu ututoke duniani, na sina wa kuzungumza naye hivi. Basi acha niandike.

Nataka tukae kidogo kwenye ule mwaka ambao hukutoka nje.

Tulikuwa tumerudi kutoka Majunga, ng'ambo, baada ya zile fujo za kufukuzwa watu wa visiwani kwetu, wewe umembeba Salima mgongoni, mimi nimebeba kichwa cha cherehani ndani ya gunia. Mwaka uliofuata wakaingia mamluki. Wazungu wenye bunduki wakawa ndio walinzi wa serikali, unawakuta barabarani, unawakuta bandarini, na watu wakajifunza kuwapita bila kuwatazama usoni. Mimi nilipata kibanda cha kushonea karibu na soko la Volo Volo. Wewe ulikuwa na mimba ya pili.

Uchungu ulikushika siku tatu. Mtoto hakulia. Hilo tulilizungumza mara moja tu maisha yetu yote, nami sitalirudia hapa. Ulipoanza kupata nguvu, ukaamka asubuhi godoro limelowa, ukadhani umemwaga kopo la maji. Kesho yake tena. Kisha ikawa mchana na usiku, umekaa, umesimama, mkojo unatoka wenyewe kama bomba lililolegea. Daktari alisema ndani pamechanika, na kwa wakati ule hapakuwa na mtu kisiwani wa kupashona. Nilirudi nyumbani na maneno hayo kichwani, mimi ambaye kazi yangu ni kushona.

Ukajifungia. Ulikaa juu ya matambara chumbani, hukwenda harusini, hukwenda msibani, na mimi ulinitandikia mkeka mbali na kitanda.

"Nanuka," uliniambia.

"Hata mimi nanuka mafuta ya cherehani," nikakujibu. Hukucheka.

Kuna jambo sikuwahi kukusimulia lote. Mama yako aliniita uani. Unajua nyumba ilikuwa yenu, kama ilivyo kwetu sote, mume ndiye anayekuja na sanduku lake, na mwenye sanduku haoni tabu kuondoka. Akaniambia kwa sauti ndogo, "Mkwe wangu, wewe bado kijana. Ukitaka kwenda, katika nyumba hii hakuna atakayekulaumu." Macho yake yalikuwa mekundu, sikumkasirikia.

Nikamwambia, "Mama, mimi nimekuja kuomba taulo."

Akanitazama kama mtu aliyesikia vibaya. Kisha akaingia ndani, akatoka na taulo mbili na kitambaa chake cha plastiki cha mezani, kile cha picha za machungwa, ambacho kilikuwa hakitandikwi ila kwa wageni.

Ndipo nilipoanza kukushonea nepi. Nepi ya mtu mzima sikuwahi kuiona popote, nilibuni tu. Ya kwanza niliijaza sufi ya mto, nikidhani kitu laini kama kile kitakunywa maji. Sufi haikunywa hata tone, maji yaliteleza juu yake kama juu ya jani la jimbi. Ya pili nilikunja kitambaa cha marekani mara nne, nikaweka plastiki chini yake. Ilikaa saa moja, ikajaa. Basi nikaona, kama moja inajaa, nitakuvisha mbili, moja juu ya nyingine, kila moja na plastiki yake. Nilijiona nimepata akili sana. Ulizivaa, ukasimama, ukatembea mpaka mlangoni, na maji yakashuka mapajani pande zote mbili.

"Umeniongezea joto tu," ulisema, ukaketi chini.

Siku ile nilikwenda nazo kibandani. Nilizitandika juu ya meza ya kukatia, nikamimina kikombe cha maji katikati, nikatazama. Ile ya juu ikanywa, ikashiba, halafu maji yakafika kwenye plastiki yake, yakakosa pa kupita, yakakimbilia kando. Nepi ya chini ilikuwa kavu kabisa! Ilikuwa inangojea maji ambayo tumeizuia isiyapate. Nikachukua mkasi, nikapasua plastiki ya juu vipande vitano virefu. Nikamimina tena. Safari hii maji yalishuka, ya juu ikaipa ya chini, na meza ikabaki kavu. Mteja aliyekuja kuchukua suruali yake alinikuta nacheka peke yangu mbele ya meza yenye nepi.

Tuliendelea kuzirekebisha pamoja, na hapo wewe ndiye uliyekuwa fundi, kwa kuwa mwili ni wako. Ulisema juu pakae kitambaa chembamba kisichokwaruza, nikakata kanzu yangu kuukuu iliyofuliwa mpaka ikawa kama utando wa yai. Chini yake taulo. Chini ya taulo marekani iliyokunjwa. Plastiki mwisho kabisa, nje, peke yake. Ukataka ile ya ndani iwe inachomoka bila kufungua ile ya nje, ili mtu akiwa safarini aweze kuibadilisha mara moja. Ulinipimia kwa maneno: "Hapa panabana. Hapa pameachia. Rudia." Mama yako akafua, akachemsha, akaanika uani, na juu yake akatandaza leso ili majirani wasione. Ukaanza tena kuswali bila kulia, ukitia udhu kila wakati wa sala unapoingia, kama ulivyoelekezwa na mke wa mwalimu wetu wa dini.

Kisha nikakuomba twende Mutsamudu. Mama yangu alikuwa hajamwona Salima. Ulikataa kwa wiki tatu. Wiki ya nne ulianza kuhesabu nepi.

Asubuhi ile bandarini nakumbuka hata rangi ya sanduku. Meli ilitia nanga mbali, watu wanapelekwa kwa mashua, na kabla ya kushuka ngazi lazima mizigo ifunguliwe. Kulikuwa na maneno mjini kwamba kuna watu wanasafirisha karatasi za kuipinga serikali. Mzungu mmoja wa walinzi alisimama na bunduki begani, na askari mmoja mwenyeji ndiye aliyekuwa anapekua na kutafsiri. Watu wa Moroni nzima walikuwa pale, au niliona hivyo.

Askari akafungua sanduku letu. Akatoa nguo za Salima, akatoa kanzu yangu, halafu mkono wake ukafika kwenye rundo. Nepi kumi na nane. Akaivuta moja, ikafunguka na kamba zake zote nne, machungwa ya mama yako yakang'aa juani. Mzungu akauliza kitu. Askari akaiinua juu zaidi.

"Hii ni nini? Mnaficha nini humu?" Akaanza kuibonyeza, anatafuta karatasi ndani.

Nilikutazama. Ulikuwa umevuta shiromani, lile vazi lako la kujifunika, mpaka usoni, na umemvutia Salima kwako. Nyuma yetu watu walikuwa wananyoosha shingo. Nilijua kwamba ukiulizwa wewe, hutapanda ile mashua, na hutatoka tena chumbani maisha yako yote.

"Ni vyangu," nikasema.

"Vyako vya nini?"

"Najikojolea. Nina maradhi. Navaa hivyo ndani."

Nilisema kwa sauti, maana nilitaka wasikie wote wasije wakauliza mara ya pili. Askari akatafsiri. Mzungu alinitazama tangu kofia mpaka viatu, mwanamume wa miaka thelathini na tatu, ndevu zimechongwa. Kisha akaona haya yeye. Akafanya ishara kwa mkono, fungeni, nendeni. Nyuma yetu mtu mmoja akacheka, mwingine akamkemea. Nilikunja nepi zangu moja moja, nikazipanga, nikafunga sanduku. Masikio yalikuwa yanawaka moto, siwezi kukuficha, lakini miguu ilikuwa imara.

Tukapanda mashua. Tulipokuwa tumekaa melini ndipo ukaegemea sikio langu ukauliza, "Navaa hivyo ndani?" Bega lako likaanza kutikisika. Nilidhani unalia. Ulikuwa unacheka, Mama Salima. Mwaka na nusu sikuwa nimekisikia kile kicheko.

Tulipofika Mutsamudu, habari ilikuwa imetutangulia, sijui ilipandia chombo gani. Mama yangu alitupokea kwenye ngazi za nyumba, akambusu Salima, akakubusu wewe, akanishika mimi kidevu na kusema, "Mwanangu, mbona hukuniandikia?" Jioni ile ile akanichemshia majani. Bakuli zima, chungu mpaka ulimi unakufa. Asubuhi bakuli, adhuhuri bakuli, jioni bakuli. Na kwa kuwa nilikuwa nakunywa maji mengi kiasi kile, nilikuwa natoka kwenda chooni kila saa, naye ananihesabia, anatikisa kichwa, anasema, "Maskini, kumbe ni kweli." Wewe umekaa kwenye mkeka umeziba mdomo kwa shiromani, machozi yanakutoka kwa kucheka. Nilikunywa siku tano.

Siku ya sita nilikuwa naletewa bakuli, ukanyosha mkono ukalizuia.

"Mama," ulimwambia, "si yeye. Ni mimi. Tangu yule mtoto."

Sikukutuma. Sikujua kama ungesema. Mama akaweka bakuli chini. Akanigeukia mimi kwanza.

"Na dawa yangu umeinywa yote?"

"Yote, mama."

Akakushika mkono. "Mwanangu, mimi tangu nimzae huyu, nikicheka nalowa. Nikikohoa nalowa. Marehemu baba yake hakujua mpaka anaingia kaburini. Hebu nionyeshe hivyo vitambaa."

Mkaingia chumbani mkafunga mlango. Mlipotoka, mama alikuwa anatembea taratibu, akijisikiliza, kisha akajikohoza kwa makusudi. Akangoja. Akakohoa tena kwa nguvu. "Nishonee sita," akaniambia, na hilo ndilo lililokuwa agizo la kwanza.

La pili lilikuja Moroni. Karani mmoja mstaafu aliingia kibandani akajifanya anatafuta vifungo. Alipoona tuko wawili tu, akasema, "Fundi, nilikuwa bandarini siku ile. Mimi pia." Baada yake wakaja wengine, wanaume kwangu, wanawake kwako nyumbani, wengi zaidi kuliko tulivyodhani, wengine watu tuliokuwa tunasalimiana nao kila siku. Hukurudi tena kukaa juu ya matambara. Ulikuwa unakata, mimi nashona, Salima anapitisha kamba. Miaka sita baadaye alipita daktari mgeni aliyejua kazi hiyo, akakushona, ukakauka. Nilidhani tutaacha. Kesho yake baada ya kutoka hospitali ulikuwa umekaa kitako unakata marekani, na mamluki wenyewe walipokuja kuondoka, wewe bado ulikuwa unakata.

Miezi yako ya mwisho, ulipolala usiweze kuinuka, Salima alileta nepi za dukani kutoka ng'ambo, nyeupe, nyepesi, zinanata zenyewe. Zilikuwa hazifiki asubuhi, basi akakuvisha mbili kwa pamoja, na shuka likalowa vilevile. Alikuwa anasonya, anabadilisha, anasonya. Ukafungua macho ukamwambia, "Mwite baba yako aje na mkasi." Nilipasua mgongo wa ile ya ndani mara tano, tukakuvisha, ukalala mpaka alfajiri. Salima alinitazama kana kwamba nimefanya uganga. Ulipoamka mkavu ulitabasamu kwake, si kwangu, kama mwalimu aliyemaliza somo.

Sina huzuni nyingi, mke wangu. Zipo siku. Lakini nikikaa kibandani na mashine inakwenda, moyo unatulia, na naona nilipewa maisha mazuri pamoja nawe kupita yale niliyoyaomba.

Jana walikuja watu wawili kutoka Mvouni, mume na mke, wote vijana. Mke alibaki nje, amegeukia ukuta. Mume ndiye aliyeingia. Nikamtajia siku ya kuja kuchukua nepi, akatikisa kichwa. "Hapana, fundi," akasema, "sikuja kuagiza. Nimekuja kujifunza, ili awe ananiambia mimi panapobana." Nikampa kiti changu mwenyewe, nikaenda mlangoni nikamwita mkewe. Akaja polepole, akakaa karibu naye. Tulikata mpaka adhana ya alasiri.

Lala salama, Mama Salima. Mungu akupanulie ulipo, na akukutanishe na yule ambaye hakulia. Mimi nitakuja wakati wangu ukifika, sina haraka, siogopi, wala sikulazimishi kunitandikia mkeka karibu.

Mumeo, mwenye sanduku, ambaye hakuondoka,

Baba Salima