Wimbo wa Kuachana Kwenye Sherehe ya Hina

Jumamosi, Harrow. Manyunyu tangu asubuhi. Naandika kwa mkono mmoja, ule mwingine hina haijakauka.

Nimeimba.

Wiki tatu zilizopita rafiki yangu Divya aliniomba niimbe kwenye sherehe ya hina ya dada yake. Aliutaka ule wimbo wa filamu ya mapenzi ya Kikannada, lugha ya kwao, ambao nyumba yao nzima wanauimba, hata wakiosha vyombo. Nilikubali kwa sababu sijui kukataa. Niliuandika daftarini kwa herufi za Kiswahili na ukakaa vizuri, maana maneno yao mengi huishia kwa irabu kama yetu. Nikawa nauimba bafuni, bomba likiwa wazi, Mama asinisikie.

Filamu yenyewe sikuwa nimeitazama.

Niliitazama leo, kwenye basi, nikisoma maandishi ya Kiingereza chini. Nikafika kwenye wimbo wangu. Kijana anauimba nje ya geti, mvua inamnyeshea, na huko ndani msichana anayempenda anaolewa na mtu mwingine.

Wimbo wa kuachana. Nami naenda kumwimbia bi harusi!

Naungama: nilishuka vituo viwili kabla. Nilitaka kumwandikia Divya kwamba naumwa, kama nilivyodanganya siku ya kuagana shuleni, jukwaa likanisubiri bure. Bado naona aibu nikiikumbuka siku ile. Nilisimama kituoni muda mrefu, kisha nikatembea. Nikafika nimelowa.

Bibi yake Divya alikuwa jikoni. Aliishi Nairobi miaka mingi, na Kiswahili chake ni cha huko. Nikamnong'oneza yote.

Alicheka mpaka miwani ikateleza. "Sasa wewe, ulidhani sisi hatujui? Huo tunaimba kila harusi! Msichana anatoka kwao, hiyo si kuachana? Mama yake asipolia leo, atalia lini? Enda uimbe, mtoto, usiniunguzie chakula."

Ubeti wa kwanza niliuimbia zulia. Kwenye kiitikio shangazi zao wote wakadakia, sauti yangu ikapata pa kuegemea. Mama wa bi harusi akalia. Bi harusi naye akalia, lakini mikono yote miwili ilikuwa na hina mbichi, hawezi kujifuta. Nilikuwa karibu naye kuliko wote. Nikamfuta machozi kwa mtandio wangu huku naimba, nikimtazama usoni.

Sikusahau hata neno moja.

Bado najihisi mwepesi, kama mtu aliyetua mzigo.

Mama alinusa hina nilipoingia tu, akauliza nilikuwa wapi. Nikamsimulia yote kwa Kiswahili, mimi ambaye humjibu kwa Kiingereza siku zote. Anataka nimwimbie kesho akitoka kazini.

Nimeimba mbele ya sebule iliyojaa watu. Kwa nini basi namwogopa huyu mmoja?