Barua Nne za Bibi

Jumapili ya Juni, Dodoma. Upepo unavuma tangu asubuhi. Vumbi limeingia mpaka ndani ya hii kafe ya intaneti karibu na stendi, na kibodi ninayoandikia inakwaruza. Nasikia baridi. Watu wananicheka: umetoka Ulaya juzi, halafu unatetemeka hapa?

Wacha wacheke. Nimefiwa, na nimeambiwa Alhamisi.

Alhamisi ndiyo siku niliyorudi. Chuo chetu kilitupeleka wanafunzi wawili Ireland kwa miezi mitano, kusoma historia na utamaduni wa huko. Nyumbani Nzuguni nikakuta ndugu wamejaa uani. Nikadhani wamekuja kunipokea, maana mimi nami kwa kujipenda sijambo. Nikawaonyesha picha, nikawachekesha kwa habari za mvua isiyokatika. Nilipouliza Bibi yuko wapi, Shangazi akanisogezea ugali wa uwele na mlenda. "Kula kwanza, mwanangu."

Hapo ningepaswa kujua. Kwetu ukihimizwa kula kabla ya kujibiwa, una msiba. Lakini nilikuwa na njaa. Nikala, nikaomba na mlenda wa kuongeza. Nilipokwisha kunawa mikono, Baba akaniambia kwamba mama yake alifariki mwezi wa tatu. Walimzika Msalato, na matanga yalishaanuliwa siku nyingi. Walinificha ili nisiache masomo.

Sababu naielewa. Mimi mwenyewe niliwahi kumficha binamu yangu msiba alipokuwa kwenye mitihani Kondoa, nikajiona nimefanya la maana.

Kinachoniumiza ni barua.

Insha yangu ya mwisho ilikuwa ya kulinganisha njaa ya Ireland, ile ya viazi kuoza shambani, na njaa za Ugogo. Mwalimu alitaka maneno ya mtu aliyeiona njaa kwa macho yake. Nikamwandikia Bibi maswali. Bibi hakujua kusoma, kwa hiyo Baba alimsomea kwa Kigogo, kisha akaandika anachojibu. Mwandiko ulikuwa wa Baba tangu mwanzo, ningeshtukia nini? Zilikuja barua nne.

Bibi alikuwa hai kwenye moja tu.

Ya kwanza ilisema walichemsha ngozi ya ng'ombe waliyokuwa wakiilalia, wakaitafuna. Ya pili ilikuwa fupi na mimi, Mungu anisamehe, nikalalamika. Niliandika: mwambieni Bibi ajitahidi kidogo, majibu haya hayatoshi. Alikuwa na wiki tatu kaburini. Ya tatu ikaja kurasa tano, zimejaa pande zote. Humo mlikuwa na maneno ambayo mwalimu aliyasoma mbele ya darasa: "Tulijua njaa imeisha siku majirani walipoanza kupika mchana, milango wazi." Ya nne ilijibu swali langu la mwisho. Nikapata alama za juu kuliko wote. Nikapiga na picha nimeshika hiyo insha.

Tulifundishwa pia desturi ya zamani ya watu wa Ireland. Kijana akiondoka kwenda Marekani, jamaa walikusanyika wakamlilia kama maiti, kwa sababu walijua hawataonana tena. Siku hiyo nililia darasani. Wenzangu wakanipa karatasi laini za kufutia machozi, nikajiona nina moyo mzuri sana. Niliwalilia watoto wa watu huku bibi yangu ameshazikwa, na sikuwa hata na wasiwasi.

Tangu Alhamisi sijatoa chozi. Nikijaribu, naona walionizunguka wamekwisha kulia. Shangazi anacheka na jirani kwenye ua. Ana haki, kwake ni miezi. Mimi ndiyo kwanza nimefika msibani, na hakuna wa kunipa pole.

Leo tuliporudi kanisani nikamuuliza Baba. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno makali. Nikamuuliza kama zile barua alizitunga.

"Hilo la milango wazi aliwahi kunisimulia nikiwa mdogo," akasema. "Mengine nilitunga. Nilikuwa nakaa mezani namwambia, mama, mjukuu wako anauliza hivi, tumjibuje? Nikitulia kidogo, namsikia."

Kisha akasema, "Ulipoandika kwamba umemaliza, huna maswali tena, siku ile ndiyo nililia."

Maneno yangu makali yote yakaniishia. Shangazi anasema kwenye mazishi Baba hakulia kabisa. Alikuwa akipokea wageni na kumwonya kila mmoja asije akanipigia simu. Na mimi siku niliyoandika kwamba sina maswali tena nilikuwa na furaha, nikaenda kula chipsi na wenzangu.

Mwalimu nitamwandikia ukweli wiki hii. Akitaka kuzichukua alama zake, azichukue. Barua nitabaki nazo zote nne, na sitazitenganisha.

Bado sijui nilie kwa namna gani, miezi mitatu baada ya watu wote. Nimekasirika na sina wa kumkasirikia vizuri.

Kesho asubuhi Baba anakwenda Msalato kusafisha kaburi, ameniomba twende wote. Nimekubali. Nimemwambia pia kwamba hasira yangu haijaisha.

Akasema anajua, nije nayo.