Viti Sabini vya Kivela

Mji mkuu, 20 Septemba

Mama mpendwa,

Kabla hujasoma mstari wa pili, funga mlango wa ofisi yako. Haya ninayokuandikia yasitoke kinywani mwako, si kwa bodi ya shule, si kwa mchungaji, si hata kwa mama mdogo Saima. Ukimaliza, choma karatasi hii kwenye jiko la sauna. Na tafadhali usinipigie simu. Simu niliyo nayo ni ya ofisi.

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Mimi ni mzima, ila usingizi unanipa taabu.

Kuna muswada, Mama. Mkuu wetu, Mzee Crandall, ameuandaa pamoja na watu wa bunge la jimbo, na sisi makarani wawili, mimi na Terrence, ndio tuliouchapa. Utatangazwa Januari, lakini utatumia idadi ya wanafunzi ya Siku ya Hesabu ya Oktoba hii. Shule ya kijijini ambayo siku hiyo haitakuwa na watoto sabini waliokaa vitini itanyimwa ruzuku ya shule ndogo. Wewe ndiye mwalimu mkuu, unajua maana yake kuliko mimi: bila ruzuku hiyo Kivela inafungwa. Wamefanya siri ili shule zisije zikajaza viti kwa ujanja.

Wewe una sabini kamili. Huna hata mmoja wa akiba. Hakikisha tu wote wamekuja, usifanye jingine lolote.

Niliapishwa kazini kutunza siri. Naandika huku nageuka nyuma, na chumbani nipo peke yangu.

Mwanao,
Annika


Kivela, 26 Septemba

Binti yangu Annika,

Marahaba, mwanangu. Mgongo unanikumbusha kila asubuhi kwamba upo. Nawe kula vizuri. Ulipokuja kiangazi ulikuwa umebaki macho tu.

Barua yako nimeichoma. Tangu hapo sijatulia. Unakumbuka walipofunga shule ya Harju? Vitoto vya darasa la kwanza vinapanda basi la mjini gizani na kurudi gizani, vimelala na mabuti miguuni. Majira yale ya theluji basi liliteleza mtaroni, vikakaa humo mpaka vidole vya mtoto wa Niemi vikaharibika kwa baridi. Wangu nao watapita barabara ile ile.

Kwa hiyo nimepita nyumba kwa nyumba kuwasihi wazazi, siku hiyo asikose mtoto hata mmoja. Eino wa basi la shule akanisimamisha dukani mbele za watu: "Mwalimu mkuu, mwaka huu unagombea ubunge? Siku ya Hesabu kila mwaka pankeki zako tu zinatosha kuwaleta watoto!"

"Eino, wewe endesha basi."

"Naendesha. Ila mtu mwenye hofu namjua nikimwona."

Sasa nisikilize. Mzee Koskela amefariki. Wanamzika ng'ambo ya ziwa Jumatano ijayo, siku ile ile ya hesabu, na wajukuu zake watatu ni wanafunzi wangu. Nilikwenda kutoa pole, na nusura nimwambie binti yake asogeze maziko. Nilikuwa nimeshika kikombe cha kahawa cha mfiwa, na maneno hayo yakiwa mdomoni.

Zamani mtoto aliyefiwa alihesabiwa, mradi arudi darasani katika siku zilizoruhusiwa. Lakini wewe umeandika "waliokaa vitini". Je, ruhusa ya msiba imefutwa? Nijibu upesi. Kila nikishika simu nakumbuka ulivyonikataza, naiweka chini.

Mama yako


Mji mkuu, 1 Oktoba

Mama,

Shikamoo. Barua yako nimeipata leo, Jumanne, na kesho ndiyo siku yenyewe.

Haijafutwa! Watoto wa Koskela wanahesabiwa. Waache wakamzike babu yao kwa amani. Andika tu "msiba" mbele ya majina yao na uwapokee wakirudi. Sabini zako zimetimia, Mama. Usifanye lolote. Naandika tena: usifanye lolote.

Nimeazima simu ya mwenye duka nikapiga shuleni. Akapokea mwalimu yule mpya. Akasema umetoka, anauliza nani anapiga. Nilishindwa kutamka jina langu, nikakata. Nikapiga nyumbani, hakuna mtu. Barua hii naituma kwa posta ya haraka, na mama wa posta anasema haiwezi kufika kabla ya Alhamisi.

Nakuomba uwe hujafanya kitu.

Mwanao,
Annika


Kivela, 2 Oktoba, jioni

Annika wangu,

U mzima? Mimi sijui nikuambie nini. Tumefika sabini.

Sikupata jibu lako, nikaona basi, ruhusa imekufa. Jumapili Saima alinikuta nalia jikoni. Nikamwambia. Ni yeye peke yake, Annika, na ni mdogo wangu.

Leo asubuhi nimesimama mlangoni na mwiko wa pankeki, watoto wanaingia, harufu ya siagi mpaka barabarani. Mara gari la Saima. Wakashuka wajukuu zake watatu, wamechanwa nywele kama siku ya ubatizo.

"Saima, hawa wana shule yao kule mjini."

"Shule yao ina watoto mia nne. Nani atajua wamekosekana?"

"Wapeleke."

"Wapeleke wewe. Waambie sisi wa ukoo wa Rautio hatusaidiani siku hizi."

Watoto walikuwa wananitazama. Yule mdogo akauliza kama pankeki zina matunda ya blueberi. Nikasogea pembeni, wakapita. Mwalimu mpya akawaandika kuwa wanafunzi wapya waliohamia, na mimi nikamwacha. Kwa wale wa Koskela tumeacha nafasi wazi, bila kuandika "msiba". Nilidhani haina faida tena.

Watu wamefurahi leo, Annika. Eino amekula pankeki nane. Mimi sikula hata moja.

Mama yako


Mji mkuu, 23 Oktoba

Mama,

Shikamoo. Nasikia mkaguzi alifika kwako, natumaini hakukukosea adabu.

Mambo ni mabaya. Kompyuta ya ofisi imewaona wajukuu wa mama mdogo katika shule mbili. Na mkaguzi alipomuuliza yule mdogo kwa nini alikwenda Kivela, akajibu, "Bibi alisema nikikaa pale shule haitafungwa."

Mzee Crandall alituita sote. "Nani aliwaambia watu wa kaskazini kwamba kuna shule ya kufungwa?" Akaeleza hivi: ikiwa ni kosa la kuandikisha, hao watatu wanatolewa, wa msiba wanaingizwa, na Kivela inabaki na sabini zake. Ikiwa walijua habari ya sabini, ni udanganyifu, na hesabu yote inafutwa. Anayejua aseme, mwisho ni Ijumaa ya tarehe mosi.

Wanamshuku Terrence, kwa kuwa mkewe, Marlys, ni mtu wa kaskazini. Mimi hawanidhanii. Hapa najulikana kwa jina la marehemu Baba, si la kwenu Rautio, na hakuna aliyewahi kuniuliza kwetu ni wapi. Terrence amesimamishwa kazi bila mshahara, na mtoto wao hajatimiza hata miezi miwili. Alipita mezani kwangu na mlinzi nyuma yake, kabeba kikombe chake. "Usinitazame hivyo, Annika," akasema, "sijafa."

Nikinyamaza, ushahidi unakosekana na shule inapona, ila yeye anafukuzwa kwa shaka tu. Nikisema, anapona yeye. Niambie nifanye nini.

Mwanao,
Annika


Kivela, 27 Oktoba

Mwanangu,

Marahaba. Afya yangu achana nayo.

Nyamaza.

Nimemwambia mkaguzi kwamba huku kaskazini kila mtoto anazaliwa akisikia shule itafungwa, na ni kweli. Hana ushahidi mwingine. Ushahidi ni wewe, Annika, wewe peke yako.

Huyo Terrence ni kijana na amesoma, atapata kazi nyingine. Wangu watapata wapi shule nyingine? Jana Eino alikwenda mpaka mjini kwa barabara ya Harju na basi tupu, akarudi, akaniambia, "Nilikuwa najaribu barabara tu." Hakunitania. Eino, asinitanie!

Najua ninalokuomba si jema. Nakuomba hivyo hivyo. Nimekulea peke yangu kwa mshahara wa shule hii na sijawahi kukudai kitu.

Mama yako


Mji mkuu, 1 Novemba

Mama,

Shikamoo.

Leo asubuhi nimeingia kwa Mzee Crandall kabla hajavua koti, nikamwambia ni mimi. Akacheka. "Wewe? Wewe unaomba ruhusa hata ya kufungua dirisha!" Nikamwambia mwalimu mkuu wa Kivela ni mama yangu. Akakaa na koti lake mwilini. Hakunifokea. Aliniuliza tu, "Unajua kwamba umeifunga ile shule?" Nikasema najua.

Hesabu ya Kivela imefutwa yote. Terrence anarudi kazini Jumatatu.

Nilitaka kukutii. Jana nilikwenda kwao na mkate, nikitumaini nitawakuta wanajiweza, ili nipate kunyamaza. Marlys akafungua mlango na mtoto begani. "Ofisi nzima," akasema, "umekuja wewe peke yako." Akanishika mkono akanishukuru, Mama.

Najua vidole vya mtoto wa Niemi. Nitavifikiria kila theluji itakapoanguka, huna haja ya kunikumbusha.

Nimefukuzwa kazi, na simu nimeirudisha, usiijaribu. Jumapili nahama chumba hiki, kodi siiwezi tena, na bado sijui naenda wapi. Leo mchana nilimweleza Marlys yote. Amenitukana, na ana haki yake, kisha akakubali kunipokelea barua. Andika hivi: Marlys Oyler, nyumba namba 14, Mtaa wa Birch. Jina langu liweke chini, kwa herufi ndogo. Nitapita kila Jumamosi mchana. Amesema nisiingie ndani, kwa hiyo nitangoja kwenye ngazi.

Kama huna la kuniambia, tuma bahasha tupu. Ila anwani iandike kwa mkono wako mwenyewe, usimpe Saima.

Mwanao,
Annika