Kidude cha Pikipiki Ndani ya Lori la Binti Yangu

Binti yangu amekabidhiwa lori, tena la tani saba, la kuhamishia vyombo vya watu, na ndiye mwanamke wa kwanza kushika usukani katika kampuni ile tangu ianzishwe. Haya, sasa ndiyo nakusalimu. Mpendwa mshauri, naomba msaada, maana furaha hii nimeitia mchanga kwa mikono yangu mwenyewe.

Mimi niliishia darasa la saba, nafua na kupiga pasi nguo za watu, lakini huyu mtoto tangu akiwa na miaka sita alikuwa akirudisha nyuma toroli la maji kwenye kichochoro bila kugusa ukuta, majirani ni mashahidi. Alipopewa miezi mitatu ya majaribio ikaonekana anahitaji GPS, kile kidude cha kumwonyesha dereva njia, kwa kuwa simu yake imepasuka kioo na betri haifiki adhuhuri. Nikasema hilo ni la mama. Nililisema mbele ya wifi yangu, ambaye mwanawe anaendesha teksi na amebandika cha kioo kikubwa kama runinga, na bado kijana huyo akitumwa chumvi duka la pili anauliza njia watu watatu. Wifi akaguna kwa pua, akaniambia, "Wifi, vitu hivyo si pasi. Utauziwa saa ya mezani."

Basi nikaingia dukani na hasira badala ya akili. Muuzaji akanionyesha cha malori, bei yake nikadhani ananiuzia na lori lenyewe. Akanionyesha cha magari madogo, nacho kikanishinda. Mwisho wa rafu kulikuwa na kimoja kidogo, kinene, rahisi kuliko vyote, akasema hicho ni cha pikipiki, hakiingii maji wala hakiogopi mtikisiko. Nikajiambia, kama kinavumilia mvua juu ya pikipiki, ndani ya lori si kitakaa kama bwana harusi? Nikamwambia akitegeshe kwenye njia fupi kuliko zote, mwanangu si mtu wa kuzungukazunguka, na alipotaka kuongeza neno nikamkata. Nyumbani nikaibandua picha ya pikipiki iliyokuwa mgongoni mwake kwa kisu cha jikoni, boksi nikatupa, nikakifunga kwa kitambaa cha satini, na siku ya kumkabidhi, wifi akiwa amekaa pale pale, nikatangaza kwamba ni cha malori, tena toleo la juu.

Kwenye barabara kubwa hakikuleta neno. Mpaka Jumanne ya wiki iliyopita, alipokuwa anamhamisha daktari wa meno, na kile kiti cha kulaza wagonjwa kiko nyuma. Kidude kikasema kata kushoto, akakata, kata kulia, akakata, lori likaingia kwenye kichochoro ambacho pikipiki ingepita inapiga mluzi, likabanwa kati ya ukuta wa ghala na vibaraza vya watu, mbele haliendi, nyuma haliendi, milango ya pembeni haifunguki. Fundi cherehani wa ghorofa ya kwanza alimpa glasi ya maji dirisha kwa dirisha, bila hata kunyoosha mkono. Wapagazi wakashusha kiti kwa mlango wa nyuma, na daktari wa meno akakikalia mwenyewe katikati ya kichochoro, saa nne nzima, akingoja lori lichomolewe. Kioo cha pembeni kilikwenda, na bomba la maji la watu likakwenda.

Tajiri wake, mwenye kampuni, ametoa amri moja. Jumamosi hii ataendesha tena, kwenda mtaa asioujua, na akikwama aache funguo mezani. Na mimi, mshauri, nilishatangaza kwamba ameajiriwa rasmi, turubai na viti nimeagiza kwa sherehe ya Jumapili, na wa kwanza kumwalika alikuwa wifi.

Lakini kinachoniuma zaidi ni binti yangu. Aliporudi alikifuta vumbi kile kidude kwa kile kitambaa cha satini, akaniambia, "Mama, usimlaumu muuzaji. Kifaa ni kizuri, mimi ndiye sijui kukisoma."

Nikamwambia ajitahidi.

Je, nimbadilishie kingine cha bei nafuu kimya kimya, au nifanyeje? Pesa si nyingi na wifi ana macho.

Ni mimi, Mama Dereva.

*

Mama Dereva, barua yako nimeipitisha mbele ya nyingine kwa ajili ya Jumamosi ya binti yako, si kwa ajili ya turubai lako. Mtoto nampa hongera. Hongera yako wewe naiweka kando kwanza.

Nimesoma mara mbili nikitafuta kidude kilikosea wapi, sijaona. Kimetengenezwa kwa pikipiki, kikatafuta njia ya pikipiki. Uliagiza njia fupi, kikaleta fupi. Kimekuwa mkweli kuliko wewe. Kununua cha bei ya chini si aibu, wengi tunanunua hivyo. Aibu ni kile kisu cha jikoni, kwa sababu dereva anayejua kwamba kifaa chake ni cha pikipiki husimama mdomoni mwa kichochoro, akashuka, akatazama. Mwanao ulimnyima hilo. Halafu anajilaumu mbele yako, nawe unamwambia ajitahidi. Ajitahidi nini, akunje lori?

Kubadilisha kimya kimya usithubutu, maana utamwacha akiamini maisha yake yote kwamba hajui kazi. Leo, kabla hujapasha pasi moto, mwambie hivi: "Ni cha pikipiki, nilijua, nikakuficha." Wifi usimtaje. Kesho nendeni wote wawili kwa tajiri, useme wewe. Akifoka, afoke. Ana haki ya kujua kama shida yake ni dereva au ni mama wa dereva.

Kisha rudini dukani, na achague anayeshika usukani, wewe ubebe pochi na ufunge mdomo. Ulizeni kilichokwisha kutumika, hata kama kioo ni kidogo, mradi kinakubali kuandikiwa urefu, upana na uzito wa lori. Sharti hilo usilipunguze. Ulizeni ramani yake ni ya lini, na kuiongezea mpya ni bure au mtalipa kila mwaka, maana vya rahisi huwageuka watu hapo. Waya wake ukubali umeme wa lori, na kioo mkiangalie nje juani, si chini ya taa za dukani. Muziki na mapambo mwachieni mtoto wa wifi. Pesa isipotosha, rudisha nusu ya viti. Wageni wataweza kusimama.

Na sherehe usiahirishe. Waambie majirani kwamba ulitangulia kusema, kwamba wanakuja kwa ajili ya dereva, si kwa ajili ya ajira. Tajiri akimkubali, vizuri. Akimkataa kwa kosa lako, ndipo uani kwako atahitaji watu wengi zaidi. Kidude kiweke mezani, mkasa usimulie mwenyewe, wifi akiwa kiti cha mbele, kabla hajausimulia yeye. Mwite fundi cherehani aje na glasi yake. Hata daktari wa meno mwite, kiti chake anacho. Mimi nakuja. Saa nane mchana, watu wote, Jumapili.